Kadi au Taslimu? Hesabu ya Msafiri wa Dubai

Kijana wa dukani alinigeuzia mashine ya kadi na kuniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, maana maduka ya Deira, Dubai, yamezoea wateja wa Kariakoo na Eastleigh: "Rafiki, shilingi au dirham?" Kwenye kioo cha mashine palikuwa na tarakimu mbili. Ya juu ilikuwa dirham 1,200, bei tuliyokubaliana. Ya chini ilikuwa shilingi za Tanzania, laki nane na sitini na kitu. Nikabonyeza ya chini. Ndiyo fedha niliyokua nayo, na niliona ni busara kujua palepale nimetoa kiasi gani.

Jioni ujumbe wa benki ulipoingia kwenye simu, makato yalikuwa makubwa kuliko ile tarakimu ya mashine. Nikachukua jumla yake nikagawanya kwa 1,200. Kila dirham ilikuwa imenigharimu karibu shilingi 28 zaidi ya dirham nilizolipa asubuhi ileile, kwa kadi ileile, katika duka la mtaa wa pili. Tofauti ya malipo hayo mawili ilikuwa moja tu: asubuhi nilichagua dirham. Zaidi ya elfu thelathini zilikuwa zimekwenda kwa kitufe kimoja.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama asafiri na kadi au fedha taslimu, simjibu kabla ya kumwuliza swali langu: fedha yako itabadilishwa mara ngapi kabla haijamfikia muuzaji, na kila inapobadilishwa ni nani anayepanga bei? Ukilijua jibu la swali hilo, uchaguzi wa kadi au taslimu hujitokeza wenyewe.

Vituo viwili vya njiani

Wasafiri wetu wana kambi mbili. Wazoefu wa biashara ya Dubai hufunga dola kwenye mkanda wa kiunoni na kusema kadi ni ya kununulia kahawa. Wengine, hasa vijana, hushangaa mtu kubeba bunda la noti kutoka Dar es Salaam au Nairobi wakati kadi inaingia kwenye pochi. Kila kambi ina hoja ya kweli, na kila moja ina gharama ambayo haiioni.

Shilingi haifiki Dubai moja kwa moja. Hugeuka dola kwanza, kisha dola hugeuka dirham. Ukibeba taslimu, unavipita vituo hivyo viwili kwa miguu yako: unanunua dola nyumbani, unauza dola Deira, na katika kila kituo unaona bei ubaoni kabla hujatoa fedha. Ukilipa kwa kadi, vituo ni vilevile, ila benki ndiyo inayokupitisha, na bei unaikuta baadaye kwenye taarifa ya akaunti.

Kituo cha pili, cha dola kwenda dirham, ndicho kisicho na shaka. Tangu mwaka 1997 dirham imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango kisichobadilika: dola 1 ni dirham 3.6725. Hiyo ndiyo rula yako. Duka la kubadilishia fedha likikupa 3.65, limechukua dirham 22 na nusu katika kila dola 1,000, chini ya asilimia moja. Likikupa 3.55, limechukua dirham 122 na nusu, na unatakiwa kutoka uende la jirani. Pale Deira maduka haya yamepangana mtaa kwa mtaa, kwa hiyo kuzunguka matatu kabla ya kubadili ni kazi ya robo saa. Kaunta za uwanja wa ndege hazina ushindani huo, na bei zake huonyesha hivyo. Badili pale kiasi cha kukufikisha hotelini tu.

Anayekwenda umra au kuwatembelea ndugu Muscat anaweza kutumia hesabu hiihii, kwa kuwa riyali ya Saudia nayo imefungwa kwenye dola kwa 3.75, na rial moja ya Oman ni dola 2.60 kwa makadirio. Viwango vyote viwili vimesimama hapo tangu 1986.

Fedha huvuja zaidi katika kituo cha kwanza, pale shilingi inapogeuka dola. Hapo ndipo pa kukaza macho.

Mzigo mmoja, njia tano

Tuseme unataka kununua bidhaa za dirham 5,000. Bei ninazozitumia hapa ni za mfano, nimezichagua ili hesabu ionekane. Siku ya safari yako weka za benki yako na za duka lako la fedha. Chukulia kwamba bei ya katikati ya soko ni shilingi 2,500 za Tanzania kwa dola. Duka la fedha linakuuzia dola kwa 2,525. Benki yako inakuuzia kwa 2,550, na juu yake inatoza asilimia 3 kwa matumizi ya kadi nje ya nchi.

Kama kusingekuwa na mtu wa kukata chochote njiani, dirham 5,000 zingekuwa shilingi 3,404,000. Sasa tazama kila njia:

- Dola taslimu, ulizonunua kwa 2,525 na kuziuza Deira kwa 3.65: shilingi 3,459,000.
- Kadi ya akaunti ya dola, iliyojazwa kwa dola za 2,525, na makato ya asilimia 3: shilingi 3,541,000.
- Kadi ya akaunti ya shilingi, ukichagua kulipa kwa dirham: shilingi 3,576,000.
- Kadi hiyohiyo, ukichagua kulipa kwa shilingi kwenye mashine ya dukani inayoongeza asilimia 6 juu ya bei ya soko, na benki yako ikatoza asilimia 3 zake kama kawaida: shilingi 3,716,000.
- Kutoa dirham kwenye mashine ya ATM mara tano, dirham 1,000 kila mara, kila mara benki ya huko ikichukua dirham 25 na ya kwako shilingi 10,000: shilingi 3,715,000.

Kutoka njia ya kwanza hadi ya nne pana tofauti ya shilingi 257,000. Bidhaa hazijabadilika, na duka ni lilelile. Kwa mfanyabiashara anayechukua mzigo wa dirham 50,000, tofauti hiyo inapita milioni mbili na nusu, na hapo faida ya mzigo mzima inaweza kuwa imeishia kwenye mashine ya kadi.

Kanuni ya kujipimia ni nyepesi na inafaa kwa sarafu yoyote. Chukua shilingi zote zilizotoka kwako, pamoja na makato yote na kodi zinazokaa juu ya makato, ugawanye kwa dirham zilizomfikia muuzaji. Jibu ndilo bei yako halisi ya dirham moja. Ukilinganisha njia mbili, linganisha jibu hilo na uache kusikiliza matangazo ya "bila ada". Benki isiyotoza ada inaweza kuwa imeficha faida yake kwenye bei ya dola.

Kitufe cha shilingi

Lile swali la kijana wa Deira lina mfumo wake. Mashine huitambua kadi ya kigeni kwa namba zake, kisha huleta huduma ya kubadilisha fedha papo hapo, dukani. Anayepanga bei hapo ni kampuni inayoendesha mashine pamoja na benki ya muuzaji, nao wote hupata mgawo. Benki yako haihusiki na bei hiyo, lakini bado inaweza kukutoza ada ya malipo ya nje kwa sababu muuzaji yuko nje. Ndiyo maana msafiri hukatwa mara mbili.

Kanuni za Visa na Mastercard zinamtaka muuzaji akupe uchaguzi na akuonyeshe kiasi katika sarafu zote mbili. Una haki ya kusema "dirham" na kusisitiza. Baadhi ya wahudumu hubonyeza wenyewe kwa haraka kabla hawajakupa mashine, kwa hiyo iombe mashine mkononi na usome kioo kabla ya kuweka namba ya siri. Risiti ikitoka na shilingi ambazo hukuzichagua, omba malipo yafutwe yarudiwe kwa dirham ukiwa bado umesimama pale. Ukishatoka mlangoni, kudai inakuwa kazi kubwa.

Swali hilo utakutana nalo tena kwenye ATM na kwenye tovuti za hoteli na ndege zinazokuonyeshea bei kwa shilingi ili kukurahisishia. Jibu ni lilelile popote: lipa kwa sarafu ya nchi ya muuzaji.

Nafuu ya taslimu na masharti yake

Hesabu inaonyesha kwamba kwa Dubai, dola taslimu ni nafuu kwa mtu anayebadili kiasi kikubwa. Kuna sababu ya pili isiyoonekana kwenye hesabu ile: mazungumzo ya bei. Katika maduka ya jumla ya Naif na Al Ras, na kwenye soko la dhahabu, muuzaji anajua kwamba kadi inamkata yeye pia. Wapo wanaoongeza asilimia chache ukitoa kadi baada ya kukubaliana. Kwa hiyo maliza kwanza kupatana bei, kisha uliza waziwazi: "Bei hii ni ya taslimu au hata ya kadi?" Ukiwa na dirham mkononi, unaweza kuomba punguzo ambalo mwenye kadi halipati.

Lakini dola zenyewe zina masharti. Noti za 100 hupata bei nzuri kuliko za 20, 10 na 5, huku kwetu na hata kwingineko. Noti kuukuu, iliyoandikwa kwa kalamu, iliyopigwa muhuri au kuchanika pembeni hukataliwa au hununuliwa kwa bei ya kuonea. Noti za 100 zenye utepe wa buluu, zilizotoka kuanzia Oktoba 2013, ndizo zisizo na ubishi. Serikali ya Marekani inazitambua noti zake zote za zamani, ila mwenye duka la fedha halazimiki kukununulia. Zikague noti moja moja pale unaponunua, kwa mwanga, kabla ya kuondoka kwenye kaunta, na uchukue risiti.

Usibebe shilingi ukitumaini kuzibadili huko. Anayenunua shilingi zetu Dubai anajua kwamba huna mahali pengine pa kuzipeleka.

Kuna pia sheria za mpakani. Tanzania na Kenya zinataka utangaze kwa maofisa wa forodha ukibeba dola 10,000 au zaidi, au thamani yake kwa sarafu nyingine. Ukiingia au kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu, mpaka ni dirham 60,000, na fedha si noti peke yake: dhahabu, vito na hundi zinahesabiwa. Kutangaza hakuna gharama wala kosa. Kosa ni kunyamaza, na linaweza kukupotezea fedha yote. Waliosafiri pamoja wasigawane bunda la mmoja ili kukwepa fomu. Maofisa wanaifahamu mbinu hiyo.

Hasara kubwa ya taslimu ni kwamba ikipotea imepotea. Kadi iliyoibwa hufungwa kwa simu moja. Bunda lililosahauliwa kwenye teksi halina namba ya kupiga. Mwenye dola 8,000 asikae nazo zote mwilini. Sefu ya chumbani ibebe sehemu, na dukani uende na kiasi cha manunuzi ya siku hiyo.

Na dola zina hatari ya kupanda na kushuka, ambayo wengi huisahau. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Kufika katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeteremka hadi karibu 130. Aliyenunua dola 1,000 za ziada Januari "kwa usalama", akarudi nazo na kuziuza Julai, alipoteza karibu shilingi 30,000 bila kununua chochote. Huko Tanzania, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo dola zilizobaki huzitumii dukani; lazima uziuze kwa bei ya siku hiyo, na duka hununua dola kwa bei iliyo chini ya ile linayouzia. Nunua dola za orodha yako ya manunuzi, pamoja na akiba ndogo. Akiba kubwa iache kwenye kadi, maana isipotumika haikugharimu kitu.

Mahali ambapo kadi ndiyo yenye kazi

Hoteli ni mfano wa kwanza. Ukifika mapokezi, mbali na bei ya chumba utadaiwa Dirham ya Utalii, ambayo ni kati ya dirham 7 na 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na nyota za hoteli. Kisha utaombwa dhamana ya kulinda hasara chumbani. Hapa aina ya kadi ina uzito. Ukitoa kadi ya mkopo, hoteli huzuia sehemu ya kikomo chako cha kukopa, na fedha yako mwenyewe haiguswi. Ukitoa kadi ya akaunti ya kawaida, hoteli huzuia salio lako halisi. Wakati wa kuondoka hoteli hufungulia palepale, lakini benki ya nyumbani inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki, kukurudishia. Nimewahi kukosa fedha ya kulipia mzigo siku ya mwisho kwa sababu dhamana ya chumba nilichokwisha kukikabidhi ilikuwa bado imezuiwa. Kama huna kadi ya mkopo, uliza kabla kama dhamana inapokewa kwa taslimu, na urudishiwe mkononi unapokabidhi ufunguo.

Mfano wa pili ni tiketi za ndege na hoteli zinazolipiwa kabla ya safari. Hakuna njia ya taslimu inayokaribia kadi kwa urahisi, na kadi ina kinga: huduma isipotolewa, unaweza kuiomba benki irudishe malipo kupitia utaratibu wa madai. Wasio na akaunti ya benki nao wana mlango. Safaricom na Visa walianzisha M-Pesa GlobalPay mwaka 2022, kadi isiyoshikika inayotoa fedha kwenye M-Pesa. Hapo pia piga hesabu ileile ya kugawanya, kwa sababu kubadilisha fedha kumo ndani yake hata kama hakuonekani.

Mfano wa tatu ni dharura. Ndege ikiahirishwa, ukilazwa hospitali, au wakala wa kago akikuambia uzito umezidi, utahitaji fedha ambayo hukuipanga, usiku, siku ambayo maduka ya fedha yamefungwa. Hapo asilimia tano za kadi ni bei ndogo.

Lakini kadi isiyoandaliwa ni kipande cha plastiki. Kabla ya safari iambie benki unakwenda wapi na tarehe gani, ili malipo ya ghafla kutoka Dubai yasionekane kama wizi na kadi ikafungwa. Hakikisha imefunguliwa kwa matumizi ya nje na uulize kikomo chake cha siku. Washa huduma ya laini yako kutumika nje ya nchi, kwa kuwa namba ya kuthibitisha malipo ya mtandaoni huja kwa ujumbe wa simu. Wengi wamekwama hapo: fedha ipo, kadi ni nzima, ila ujumbe umekwenda kwenye laini iliyozimwa. Beba kadi mbili za benki tofauti, na zisikae kwenye pochi moja.

ATM: ukitoa, toa kwa wingi

Katika mfano wetu, dirham 1,000 za ATM zinatoka kwa shilingi 743 kila dirham. Ukitoa dirham 200 tu kwa masharti yaleyale, bei inaruka hadi shilingi 855, kwa sababu zile dirham 25 na zile shilingi 10,000 hazipungui hata ukitoa kidogo. Hivyo anayechomoa fedha ya chakula kila asubuhi analipa ghali kuliko wote. Kama lazima utumie ATM, toa mara moja kiasi cha siku kadhaa, na mashine ikikuuliza kama ubadilishiwe kwa shilingi, kataa. Malipo yataendelea kwa dirham bila tatizo.

Usitoe taslimu kwa kadi ya mkopo isipokuwa umeshikwa kabisa. Ununuzi wa dukani kwa kadi hiyo hukupa muda wa kulipa bila riba, ila fedha taslimu huanza kuhesabiwa riba siku ileile.

Fedha ndogo na kodi inayorudi

Kuna malipo ya Dubai ambayo hayana mjadala. Abra, ile mashua ya kuvuka hori kutoka Deira kwenda Bur Dubai, ni dirham 1, nayo hulipwa mkononi. Chai ya karak na mpakia mizigo wa mkokoteni vilevile. Treni na mabasi hutaka kadi ya Nol. Ile ya rangi ya fedha huuzwa dirham 25, na 19 kati yake ni nauli. Dereva wa basi hapokei noti. Mwenye kadi ya benki peke yake na mwenye dola peke yake wote watakwama siku ya kwanza. Dirham mia moja za chenji na kadi ya Nol vinamaliza shida hiyo.

Dubai inatoza VAT ya asilimia 5 tangu Januari 2018, na mgeni anaweza kurudishiwa sehemu yake. Masharti: duka liwe kwenye mpango huo, manunuzi yafike dirham 250, uonyeshe pasipoti wakati wa kununua, na bidhaa utoke nazo mwenyewe ndani ya siku 90. Unachorudishiwa ni asilimia 85 ya kodi, kisha dirham 4.80 hukatwa kwa kila risiti. Kwa kompyuta ya dirham 1,050, ambayo ndani yake kodi ni 50, utapata dirham 37.70. Thibitisha kwenye kaunta ya uwanja wa ndege kabla hujakabidhi mabegi. Utaulizwa kama unataka taslimu au kwenye kadi. Kama hutarudi Dubai karibuni, dirham za mkononi zitakulazimu kubadili tena, na pale uwanjani bei si nzuri; kwenye kadi, benki yako nayo itabadili kwa bei yake. Kwa kiasi kidogo, chukua taslimu ulipie chakula cha safari, kwani hapo hakuna kubadilisha kabisa. Mzigo uliotumwa kwa kago hauingii kwenye mpango huu wa watalii, kwa hiyo usiupigie hesabu ya marejesho hayo.

Mizani hugeuka ukibadili nchi

Nafuu ya taslimu Dubai inatokana na dirham kufungwa kwenye dola na wingi wa maduka ya fedha. Pasipo na mambo hayo mawili, uchaguzi hubadilika. Mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014. Huko kadi ya kugusa tu ndiyo njia ya kawaida, na mwenye bunda la pauni hupata usumbufu. Guangzhou, ambako wafanyabiashara wetu huchukua nguo na vipuri, kila muuzaji ana msimbo wa kuskani kwa simu. Tangu 2023 Alipay na WeChat Pay zinakubali mgeni aunganishe kadi yake ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada. Yakizidi, huongezwa asilimia 3. Anayekula na kupanda teksi kwa simu hajali ada hiyo. Anayelipia kontena anapaswa kuijali, na kwake malipo ya benki kwa benki, yenye ankara, huwa ya nafuu na salama kuliko kadi na taslimu kwa pamoja. China pia inataka utangaze fedha za kigeni zinazozidi thamani ya dola 5,000 unapoingia, nusu ya kiwango tulichozoea kwetu.

Hukumu

Kwa msafiri wa matembezi, siku nne au tano, bila mzigo: lipia ndege na hoteli kwa kadi kabla, beba dola 300 hadi 500 za noti safi kwa matumizi ya kila siku, na kadi iwe ya akiba. Tofauti ya asilimia tatu au nne kwenye vitu vidogo haifai kukunyima usingizi, ilimradi kila mara umechagua dirham.

Kwa mfanyabiashara: fedha ya mzigo iwe dola taslimu, itangazwe mpakani inapofika kiwango, ibadilishwe Deira kwa bei isiyopungua 3.65 kwa dola, na ilipwe kwa risiti au ankara, kwa sababu bila karatasi hiyo forodha ya nyumbani itakukadiria thamani yake yenyewe. Hoteli, tiketi na dharura ziende kwenye kadi. Anayekwenda mara nne kwa mwaka na kupokea baadhi ya mauzo yake kwa dola, afungue akaunti ya dola. Kituo cha kwanza, kile kinachokula zaidi, atakuwa amekiruka.

Kwa mwenye kadi ya shilingi tu na asiyetaka kubeba noti: njia yako ni ghali kidogo, lakini si mbaya. Uliza benki mambo mawili kabla ya kuondoka: unaniuzia dola kwa bei gani kwenye kadi, na unaongeza asilimia ngapi nje ya nchi? Jumlisha, linganisha na benki nyingine. Benki mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana kwa kiasi cha nauli ya teksi ya wiki nzima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya safari yako, andika kwenye karatasi tarakimu tatu: bei uliyonunulia dola, rula ya 3.6725, na makato ya kadi yako. Karatasi hiyo ikae pamoja na pasipoti. Na mashine ya kadi ikikuuliza shilingi au dirham, jibu dirham.